Programu jalizi ya alama za majengo imepotea kwenye AutoCAD: soma dalili kabla hujapiga Windows upya

Mchoraji wa ramani za nyumba hachori kila mlango kutoka mwanzo. Ana jalizi yake ya alama: anabofya mlango, anaonyesha ukuta, ukuta unakatika na mlango unakaa mahali pake. Madirisha, sinki, choo, soketi na taa vivyo hivyo. Hapa Dodoma, ambako viwanja vya Nzuguni, Iyumbu na Mtumba vinajengwa mfululizo na kila mwenye kiwanja anataka ramani yake ifike jiji wiki hii kuombewa kibali, jalizi hiyo ikitoweka asubuhi kazi ya siku nzima inasimama. Ndipo ujumbe unapoingia: "Kaka, milango yangu yote imefutika. Nimwite fundi apige Windows?"

Usimwite kwanza. Mara nyingi faili zote bado zimo kwenye diski. AutoCAD, programu yenyewe ya kuchorea, haijui tena zilipo, au inajua zilipo ila haiziamini, au imezipakia ila menyu yake haionekani. Kupiga Windows upya ndiko kunakogeuza faili zilizofichika kuwa faili zilizofutika kweli.

Maelezo haya ni ya AutoCAD inayotumia Windows. Mwenye ZWCAD au BricsCAD ataona hatua nyingi zinafanana, kwa kuwa nazo ni programu za kuchorea zinazosoma AutoLISP, lugha inayoandikiwa jalizi nyingi, na zina amri ya APPLOAD ya kuzipakia, ila majina ya folda ni tofauti.

Kabla hujagusa kitu: nakili

Fungua File Explorer, andika %appdata%\Autodesk kwenye mstari wa anwani, kisha nakili folda yote kwenye diski ya nje. Humo mna menyu ulizozirekebisha na paleti zako, yaani vidirisha vya kuchagulia alama. Halafu tafuta folda ya jalizi yenyewe. Kwa kawaida iko ndani ya C:\ProgramData\Autodesk\ApplicationPlugins, au %appdata%\Autodesk\ApplicationPlugins, au C:\Program Files, au kwenye folda uliyoitengeneza mwenyewe ukaipa jina na kuisahau. Kama huikumbuki, tafuta kwa mwisho wa jina la faili: *.cuix, *.lsp, *.vlx, *.fas. Matokeo yapange kwa tarehe, utaiona.

Folda za AppData na ProgramData zimefichwa na Windows yenyewe. Watu wengi wanasema "haipo" kwa sababu hawajaruhusu vitu vilivyofichwa vionekane. Kwenye File Explorer bofya View, weka alama kwenye Hidden items, ndipo uanze kusema kitu kimepotea.

Dalili: menyu au utepe umetoweka, lakini amri bado zinaitika

Andika amri ya jalizi yako kwenye mstari wa amri, ile ya kuweka mlango kwa mfano. Ikiitika, jalizi ni nzima na tatizo lako ni la sura tu.

Anza na Ctrl+0. Vidole vikiteleza kwenye vitufe hivyo, AutoCAD inaficha utepe (ule ukanda wa vitufe ulio juu) na paleti zote ili skrini iwe wazi. Bonyeza tena, vinarudi. Kama sicho, andika RIBBON. Jalizi nyingi za zamani hazikai kwenye utepe bali kwenye menyu za juu, na AutoCAD mpya huzificha: andika MENUBAR, weka 1. Paleti za alama zinaitwa kwa Ctrl+3.

Sababu inayofuata ni mpangilio wa skrini kubadilishwa. Bofya alama ya gia chini kulia uone uko kwenye mpangilio gani. Jalizi huenda iliwekwa ukiwa kwenye mwingine. Kisha andika CUILOAD. Kidirisha kitaorodhesha faili za menyu zilizopakiwa. Ile ya jalizi isipokuwepo, bofya Browse, ichague, bofya Load. Hapa wengi wanamalizia kazi.

Umeme ukikatika AutoCAD ikiwa wazi, faili ya menyu inaweza kuharibika nusu. Dalili yake ni menyu kurudi zikiwa na vitufe vitupu, au AutoCAD kulalamika kila inapofunguka. Andika CUI, nenda kichupo cha Customize, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya faili kuu ya menyu, uchague Restore Backup. Usikimbilie chaguo la Reset lililo jirani yake, kwani lenyewe linarudisha menyu kama zilivyotoka kiwandani na kufuta marekebisho yako yote.

Dalili: mstari wa amri unajibu "Unknown command"

Hapa menyu inaweza kuwepo au isiwepo, lakini programu inayofanya kazi nyuma yake haijapakiwa. Ndiyo dalili inayoripotiwa kuliko zote, na sababu zake zinakwenda kwa mpangilio huu.

Ya kwanza ni akaunti mpya ya Windows. Fundi ametengeneza mashine, akafungua akaunti mpya ya mtumiaji, AutoCAD ikafunguka vizuri, ila jalizi haipo. Mipangilio ya AutoCAD ni ya kila mtumiaji peke yake: njia za kutafuta faili, orodha ya vitu vinavyopakiwa mwanzoni, menyu. Angalia ndani ya C:\Users. Ukiona folda mbili, yako ya zamani na mpya, mali yako iko kwenye ile ya zamani. Ingia kwa akaunti ya zamani kama bado ipo, au nakili mipangilio kutoka humo. Kwenye mashine za ofisi zinazotumiwa na watu watatu wanne, hili hutokea bila fundi yeyote: mwenzako ameingia kwa akaunti yake, basi.

Ya pili ni ulinzi. Tangu toleo la 2014, AutoCAD inakagua programu inatoka folda gani kabla ya kuipakia. Ikitoka folda isiyoaminika, kidirisha kinatokea na kukupa chaguo la kupakia au kutopakia. Mtu mwenye haraka anabofya Do Not Load na kuendelea, kisha anajiuliza milango iko wapi. Funga AutoCAD, ifungue tena, soma kidirisha kwa utulivu. Kama faili ni ya jalizi yako unayoifahamu, chagua Always Load. Njia ya kudumu ni kuandika OPTIONS, kichupo cha Files, kisha Trusted Locations, na kuongeza folda ya jalizi. Ukiongeza \... mwishoni mwa njia, folda zilizo ndani yake nazo zinaaminiwa.

Mtu atakushauri uweke SECURELOAD kuwa 0 ili usisumbuliwe tena. Usikubali. Thamani hiyo inaruhusu programu yoyote ipakiwe kimya kimya, hata ile iliyokuja kwenye flashi ya mteja. Iache kwenye 1. Kwa sababu hiyo hiyo, usiiweke folda ya Downloads wala flashi kwenye orodha ya zinazoaminika.

Ya tatu ni njia ya utafutaji kupotea. Ndani ya OPTIONS, kichupo hicho hicho cha Files, fungua Support File Search Path. Folda ya jalizi na folda ya alama zake zote mbili ziwemo. Kama zilikuwemo na sasa hazimo, huenda profaili imebadilika: nenda kichupo cha Profiles, ukiona jina la jalizi au la ofisi yenu pale, lichague na ubofye Set Current. Kama mtu alirudisha AutoCAD kwenye mipangilio ya mwanzo, muulize kama alikubali kuweka akiba, kwa sababu wakati wa kufanya hivyo AutoCAD hujitolea kuhifadhi mipangilio ya zamani kwenye faili moja ya zip. Mara nyingi zip hiyo ipo na hakuna aliyeikumbuka.

Njia ikishakaa sawa, andika APPLOAD. Chagua faili ya jalizi, bofya Load, usome ujumbe ulio chini ya kidirisha. Ikikubali, iongeze kwenye Startup Suite, ile yenye picha ya mkoba, ili ipakiwe kila AutoCAD inapofunguka. Jalizi zinazokuja kama folda yenye jina linaloishia na .bundle hazihitaji APPLOAD. Hizo zinapakiwa zenyewe zikikaa ndani ya ApplicationPlugins. Kama bundle ilihamishwa kwa mkono, hakikisha faili ya PackageContents.xml iko juu kabisa ndani yake, haikuingia folda moja chini zaidi. Kosa hili ni la kawaida mtu anapofungua zip.

Ya nne ni toleo. Faili za .lsp huvumilia miaka mingi ya matoleo. Zilizotengenezwa kwa ARX au DLL, yaani programu zilizofungwa kwa toleo maalumu, hazivumilii: kila baada ya matoleo machache lazima mtengenezaji azitoe upya. AutoCAD 2025 ilihamia .NET 8, mfumo wa Microsoft unaoendesha DLL hizo, hivyo jalizi ya DLL iliyotengenezwa kwa 2024 na kurudi nyuma usitegemee ifanye kazi humo. Jalizi kongwe za .dvb zinahitaji moduli ya VBA, ambayo tangu AutoCAD 2010 haiji na programu. Inapakuliwa peke yake. Na kama mashine mpya ina AutoCAD LT, ile AutoCAD iliyopunguzwa uwezo, fahamu kwamba LT ilianza kusoma AutoLISP kwenye toleo la 2024 tu. Kwenye LT ya zamani, hata ufanye nini, jalizi haitaamka.

Mwisho, faili za DLL zilizoshushwa kutoka intaneti au kutumwa WhatsApp hufungwa na Windows. Bofya kulia juu ya zip kabla ya kuifungua, Properties, weka alama kwenye Unblock.

Dalili: menyu ipo, ukibofya alama inasema faili haipatikani

Programu imepakiwa, ghala la alama ndilo halionekani. Karibu kila mara chanzo ni herufi ya diski. Maktaba ilikuwa D:\Alama, diski mpya ikaingia, sasa ni E:\Alama. Au ilikuwa kwenye flashi ambayo leo imepata herufi nyingine. Au ilikuwa kwenye kompyuta kubwa ya ofisi na mtandao umekatika.

Fungua Disk Management ya Windows, rudisha herufi ya zamani kwa diski ya data. Ni rahisi kuliko kurekebisha mamia ya njia ndani ya menyu. Onyo: usibadilishe herufi ya C, na usibofye Format hata kidirisha kikikuomba. Diski inayoomba kuformatiwa ghafla ni diski inayoumwa, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mwisho hapa chini.

Kama ni paleti ndiyo tupu, tazama Tool Palettes File Locations ndani ya OPTIONS. Kama picha za paleti zipo lakini alama haziingii, faili ya mchoro (DWG) zilikotoka imehamishwa. Irudishe ilikokuwa.

Dalili: alama inaingia, lakini ni kubwa kupita kiasi au haionekani

Watu huhesabu hii kama alama iliyopotea, kwa sababu wanabofya na hawaoni kitu. Kipo, ni kidogo kama nukta au kikubwa kuliko kiwanja. Andika ZOOM, kisha E, uone mchoro wote. Halafu pima upana wa mlango kwa amri ya DI, na namba itakwambia kosa.

Chukua mlango wa milimita 900. Mchoro wako ukiwa wa milimita na DI ikakupa 22860, faili ya alama imeandikwa kuwa ni ya inchi, na AutoCAD imezidisha kwa 25.4. Ikikupa 0.9, alama ilichorwa kwa mita na haina kipimo kilichoandikwa. Mchoro wako ukiwa wa mita na DI ikasema 900, alama ni ya milimita isiyo na kipimo, na una mlango wa karibu kilomita nzima.

Fungua faili ya alama yenyewe, andika INSUNITS (kipimo cha faili), weka 4 kwa milimita au 6 kwa mita kulingana na ilivyochorwa, hifadhi. Hakiki INSUNITS ya mchoro wako pia.

Sasa kuna mtego unaowachosha wengi: umerekebisha faili, unaingiza alama tena, inakuja na kosa lile lile. Sababu ni kwamba bloki, yaani alama iliyofungwa kama kitu kimoja, ikishaingia kwenye mchoro, AutoCAD inatumia nakala iliyomo ndani ya mchoro na haiendi tena kwenye faili. Futa alama mbovu zote, tumia PURGE kuondoa bloki hiyo moja tu, kisha ingiza upya. Bloki hiyo moja, tafadhali. PURGE ya vyote unaiacha kwanza, utaona sababu yake mbele kidogo.

Dalili: michoro ya zamani inafunguka na masanduku, alama za kuuliza au ujumbe wa proxy

Maandishi yanayogeuka alama za kuuliza yanataka fonti ya SHX, faili ya mwandiko wa AutoCAD. Itafute kwenye mashine ya aliyekutumia mchoro, iweke kwenye folda iliyo ndani ya Support File Search Path, fungua AutoCAD upya.

Ujumbe wa proxy una maana kwamba milango ile si bloki za kawaida, ni vitu vilivyotengenezwa na programu usiyokuwa nayo. Andika PROXYSHOW, weka 1, ili angalau vionekane. Usivivunje kwa EXPLODE kisha ukahifadhi juu ya faili ile ile. Vikishavunjika havirudi kuwa milango. Kama mchoro umetoka AutoCAD Architecture, mwombe mwenzako autoe kwa amri ya EXPORTTOAUTOCAD na akutumie nakala hiyo.

Windows imeshapigwa upya na folda haipo popote

Angalia C:\Windows.old. Windows ikiwekwa juu ya ile ya zamani bila kuformati, folda za zamani hukaa humo, na kwa kawaida Windows huzifuta yenyewe baada ya siku 10. Nakili vyako leo.

Kama diski iliformatiwa, bado una hazina nyingine: michoro yako. Kila bloki uliyoiingiza kwenye DWG imebaki ndani ya DWG hiyo, hata kama jalizi imekufa. Ramani zilizoko kwenye barua pepe, kwenye flashi ya mteja, kwenye kompyuta ya steshenari unakochapishia karatasi za A1, zote zina alama zako ndani.

Fungua mchoro mtupu, weka INSUNITS sawa, hifadhi kwa jina kama MaktabaMpya. Bonyeza Ctrl+2, DesignCenter itafunguka. Upande wa kushoto nenda kwenye ramani ya zamani, fungua tawi lake, bofya Blocks. Alama zote za ramani ile zitajipanga kulia kwa picha. Ziburute moja moja kwenye MaktabaMpya. Bloki zinazonyumbulika zinakuja na vishikio vyake. Nenda ramani ya pili, ya tatu. Nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu inakupa milango, madirisha na vyombo vya bafuni. Hoteli au zahanati inakupa vitanda, lifti na ngazi. Ndiyo maana nilikuzuia PURGE ya jumla: inafuta bloki ambazo hazijatumika kwenye mchoro, na hizo huenda ndizo nakala pekee zilizobaki duniani.

Anza na alama za hapa kwetu. Mlango wa kawaida utaupata popote, hata ndani ya sampuli zinazokuja na AutoCAD. Choo cha kuchuchumaa, tangi la maji juu ya mnara wake, dirisha lenye grili, shimo la maji taka na la kufyonza jinsi mnavyolionyesha kwenye ramani za kibali, hivyo ni nadra kuvikuta kwenye maktaba za Marekani au Uingereza. Mtu alivichora kwa mkono, pengine ni wewe. Viokoe kwanza.

Usichoweza kuokoa kwa njia hii ni akili ya jalizi, yaani ule uwezo wa kukata ukuta wenyewe. Mchoro umebeba alama tu. Programu iliyoziweka inabaki nje. Hiyo ni lazima uiombe tena kwa aliyeitengeneza au aliyekuuzia.

Wapi usimame na umwite mtaalamu

Diski inagonga, inachelewa sana kufungua folda, au inaomba kuformatiwa: zima mashine. Usijaribu programu za kurudisha faili kwenye diski hiyo hiyo, kwa sababu kila inachoandika kinaweza kukaa juu ya faili unayoitafuta. Mpelekee mtu anayefanya kazi ya kuokoa data, na umweleze kwamba unataka faili za DWG, LSP, VLX na CUIX. Asipoambiwa atakuokolea picha na nyaraka na kuona amemaliza.

Amri za kawaida kama EXPLODE au XREF zimeacha kufanya kazi, na kwenye kila folda ya michoro kumezuka faili za acad.lsp, acaddoc.lsp au acad.fas ambazo hukuziweka: hicho ni kirusi cha AutoCAD. Usimtumie mtu yeyote folda, chomoa flashi, na usifute kwa kubahatisha, kwa sababu ofisi nyingine zina acaddoc.lsp yao halali inayopakia jalizi. Mtu anayejua AutoLISP aifungue kwa Notepad na kuisoma. Ukihitaji kufungua AutoCAD wakati huo, ongeza /safemode kwenye njia yake ya mkato, itafunguka bila kupakia programu yoyote ya nje. Mashine zenye AutoCAD iliyovunjwa leseni ziko hatarini zaidi hapa, maana mara nyingi aliyeiweka alianza kwa kuzima kinga ya virusi. Mwanafunzi wa UDOM au chuo kingine hana haja nayo: Autodesk inatoa leseni ya elimu bure, ya mwaka mmoja, inayohuishwa ukiwa bado unasoma.

Jalizi inalalamika kuhusu leseni baada ya kubadilisha diski au ubao mama: usiifute wala kuisakinisha tena mara kwa mara, baadhi ya leseni zina idadi ya kuwashwa. Mwandikie aliyekuuzia. Mpe namba ya ununuzi, toleo kamili la AutoCAD unalolipata kwa amri ya ABOUT, na picha ya skrini ya ujumbe wa kosa ukiwa mzima, si kipande chake.

Na kama mtu yeyote anakuelekeza kufuta funguo ndani ya Registry (ghala la mipangilio ya Windows) kwa simu, mwambie aje mezani kwako afanye mwenyewe, baada ya kunakili zile folda.